Jina la Redio Sitaliitikia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, makamanda wetu, mliostaafu na ambao bado mna kofia kichwani, Daktari Mkuu, Mshauri wetu pamoja na wauguzi wote, ndugu wageni waalikwa mliobahatika kupata viti vyenye vitambaa, wake, kina mama na dada mliosimama kule ukutani kwa sababu viti vimekwisha, na nyinyi wanaume wangu wa safu ya nyuma, ambao kama kawaida yenu hamkukaa hata mmoja mpaka Sajenti alipokaa: nawasalimu nyote, kila mtu kwa nafasi yake.

Dada wa itifaki ameniomba mambo mawili. La kwanza, nisiseme sana. La pili, niseme maneno ya kutia moyo. Hilo la kwanza nitajitahidi. La pili sikumwahidi.

Kwa msionijua, mimi ni fundi cherehani. Mapazia yote ya jengo hili nimeyashona mimi, na lile la karibu na mlango limepinda kidogo, kwa hiyo nawaomba msilikazie macho. Lakini sikupandishwa hapa kwa ajili ya mapazia. Nimepandishwa kama mjane wa askari aliyekuwa akitibiwa uraibu katika kituo hiki, enzi kilipokuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya hospitali. Nyumbani nilimwita baba watoto. Nyinyi mlimwita Dereva, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya jeshini, kuendesha malori, mpaka siku lori lake lilipopinduka huko vitani likiwa limejaa watu. Wengine hawakuinuka tena. Yeye aliinuka, akaletwa nyumbani na mgongo uliofungwa vyuma na kopo la vidonge vya maumivu. Vidonge vya hospitali vilipokwisha akaanza kununua vya uchochoroni, na vya uchochoroni viliposhindwa kumlaza akaviongezea pombe kali. Hapo ndipo tulipofika wakati tunaletwa kwenu.

Mheshimiwa, jengo ni zuri. Nampongeza mjenzi kwa milango ambayo haipigi kelele, maana ile ya zamani ilikuwa ikilia kila mtu anapoingia, na mgonjwa aliyechelewa alijulikana mtaa mzima. Nawapongeza waliochagua rangi. Nawapongeza zaidi walioandaa sherehe hii, kwa sababu wamejitoa kweli kweli: wiki nzima kituo kimefungwa ili leo kipate kufunguliwa. Vikao hakuna, ushauri hakuna, mlangoni kuna mtu na ndoo ya rangi. Nilipouliza wagonjwa wakae wapi wiki hiyo, nikajibiwa kwamba wametangaziwa. Nami nikasema sawa, kama wametangaziwa basi hata kiu yao imesikia tangazo.

Msicheke. Au chekeni kidogo, halafu tuendelee.

Wageni waalikwa, huenda wengine hamfahamu matibabu haya yanakwendaje. Hapa mgonjwa halazwi. Anakuja asubuhi kutoka kwake. Akiwa hatua ya kwanza anameza dawa mbele ya muuguzi. Akivuka hatua hiyo anabaki na vikao tu. Anakaa na wenzake, wanazungumza, kisha anarudi nyumbani. Wataalamu wanasema ni utaratibu mzuri, kwa kuwa mtu anatibiwa huku akiwa na familia yake, na mimi sibishani nao, kwa sababu nimeona watu wakipona. Lakini kituo kinakaa naye asubuhi, na siku yote iliyobaki ni ya nani? Ni ya mke anayenusa kikombe kabla ya kukiosha. Ni ya mama anayepima hali ya mwanawe kwa namna anavyofungua mlango. Kamba inayotuunganisha sisi na nyinyi ni moja tu: kujua kwamba kweli leo alifika.

Sasa nieleze jinsi kamba hiyo ilivyokatika.

Mnawaona wale safu ya nyuma, askari waliotibiwa pamoja na mume wangu? Viatu vinang'aa. Walikuwa hivyo hivyo hata kwenye kile chumba cha stoo. Muuguzi alikuwa akifika kazini anawakuta wamekwishapanga mstari, mkubwa kwa cheo mbele, mdogo nyuma, watu ambao wengine mikono inawatetemeka hata kufunga vifungo hawawezi, lakini mstari umenyooka. Akiwaambia "Karibuni mkae," hakai mtu. Mpaka Sajenti ashushe mgongo wake kwenye benchi, aseme "Haya," ndipo wanakaa. Muuguzi alilalamika, akachoka, mwishowe naye akawa anamsubiri Sajenti.

Basi watu wa namna hiyo huja na mazoea yao. Jeshini, mume wangu aliniambia, asubuhi majina yakiitwa na mwenzenu hayupo, haadhibiwi yeye peke yake, mnaadhibiwa wote. Kwa hiyo mtu akichelewa, aliye nyuma yake anabadili sauti kidogo na kuitikia: "Nipo." Wanakingiana kifua. Wamelala pamoja kwenye matope, wamebebana mgongoni, wewe uwaambie wasiitikiane? Kwao kumwacha mwenzako jina lake liangukie chini bila jibu ni usaliti.

Na kituo nacho kilikuwa na sharti lake. Ukikosa vikao mara tatu mfululizo unaondolewa, nafasi anapewa mwingine, kwa sababu wanaosubiri ni wengi. Washauri nao walikuwa wakibadilishwa, leo huyu, mwezi ujao yule, kabla hata hawajajua sura za watu. Chumba kilikuwa kidogo, nusu ya wagonjwa walikaa barazani wakisikiliza kupitia dirishani. Mshauri anaita jina, sauti inajibu kutoka nje, anaendelea. Nani atatoka kwenda kuchungulia?

Sasa katika kundi lile kulikuwa na rafiki wa mume wangu, mtu aliyekuwa wa mawasiliano jeshini. Mnamwita Redio. Jina alilipatia kazini, lakini hata asingekuwa na kazi hiyo angeitwa hivyo, kwa sababu hana mahali pa kumzimia. Ataiga sauti ya kamanda, ataiga sauti ya mhudumu wa mapokezi, ataiga ya kwangu nikigombana na wateja kuhusu vipimo vya suruali. Kwangu alikuwa akifika anaanza kelele tangu getini: "Shemeji, nimekuja kuchukua mahari yangu, rafiki yangu amenizidi kete." Nami namwambia akae ale, mahari atapewa akiacha kelele. Nyumba nzima ilikuwa ikimpenda.

Dereva alikuwa amevuka hatua ya dawa, yuko kwenye vikao, anaendelea vizuri, akateleza. Siku moja tu. Akaona aibu kuja akiwa ananuka, akamwambia Redio, "Niitikie leo tu." Redio akaitikia kutoka barazani. Kesho yake aibu ikawa kubwa zaidi, akaomba tena. Leo tu ikazaa leo tu nyingine. Na mimi kila asubuhi nampigia pasi shati, anavaa, ananiaga, anatoka. Nikipiga simu kituoni kuulizia, naambiwa, "Mama, huyo ndiye mfano wetu, hakosi." Nikawa natembea mtaani nimeinua shingo. Majirani walikuwa wameshaanza kunionea gere.

Mwisho wa mwaka wakatoa zawadi kwa wasiokosa vikao. Dereva alipewa saa ya ukutani. Redio ndiye aliyeipokea, akasema mwenzake ana dharura, akaileta nyumbani imefungwa vizuri kwa karatasi. Tukaitundika sebuleni. Watoto wakapiga makofi. Mume wangu aliiangalia ile saa, akasema amechoka, akaingia ndani bila kula. Mimi nilidhani ni furaha imemzidi, maana wanaume wengine furaha huwaendea hivyo.

Mnataka kujua asubuhi zile alikuwa anakwenda wapi? Nyuma ya soko kuna gereji. Pale uani kuna lori bovu, halina injini, matairi yameoza, limesimama tangu zamani. Alikuwa anapanda, anakaa kwenye kiti cha dereva, ameshika usukani. Fundi wa gereji hakumsumbua. Alimwona mtu mzima, amevaa shati lililopigwa pasi, mpole, anasalimia. Akajua ni mzee anayependa malori. Ilipofika saa ya vikao kwisha anashuka, anakuja nyumbani, ananiambia leo walizungumza kuhusu hasira, au leo walizungumza kuhusu usingizi. Alikuwa akitunga yote mle ndani ya lori, peke yake. Mimi ninalia zaidi kwa hilo kuliko kwa pombe.

Siku ile fundi alimkuta ameinamia usukani, akadhani amelala. Walimpeleka hospitali. Niliitwa, nikaenda na tepu yangu ya kupimia bado iko shingoni. Nikaonyeshwa, nikamtambua, nikasema ndiye. Kisha nikatoka koridoni nikapiga simu kituoni, nimwombe mshauri aje, maana sikujua nani mwingine wa kumpigia. Mhudumu wa mapokezi akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, tulia. Mumeo yuko hapa kwenye kikao. Ameitikia jina sasa hivi, nimemsikia kwa masikio yangu."

Ndugu zangu, mnajua nilifanya nini? Nilirudi ndani. Nilimwambia yule mhudumu wa chumba cha maiti kwamba tumekosea, huyu si mume wangu, mume wangu yuko kwenye kikao. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilifunua shuka mara ya pili nikiwa na hakika kwamba nitaona uso wa mtu mwingine, na nikawa tayari kumhurumia mke wa huyo mtu.

Basi. Nilifiwa mara mbili ndani ya asubuhi moja.

Mazikoni mlikuja wote, mkapanga mstari. Redio alisimama kwenye geti, hakuingia. Sikumwita. Tangu hapo sikuwahi kuzungumza naye. Sajenti alikuwa ananiletea habari zake hata nisipouliza: kwamba anakuja vikaoni kila siku, kwamba hajagusa kitu, lakini anakaa bila kusema neno, na jina lake likiitwa anainua mkono tu. Redio, aliyekuwa akishinda anapiga kelele, anainua mkono kama bubu. Halafu akaanza kukosa. Kisha kituo kikafungwa kwa ajili ya sherehe.

Leo asubuhi, Mheshimiwa, nilikuwa napiga pasi hili gauni mnaloliona. Fundi wa gereji akagonga mlango. Ana grisi mpaka kwenye viwiko. Akaniambia, "Mama, kuna mwingine kwenye lori."

Nilikwenda. Redio alikuwa amekaa, si kwenye kiti cha dereva. Amekaa upande wa utingo, magoti yamekutana, chupa na kopo la vidonge katikati ya miguu. Aliponiona akasema, "Shemeji, kile kiti sijakigusa." Kana kwamba nimekuja kukagua viti. Nikamwuliza anafanya nini pale. Akasema, "Nimekaa naye tu. Wakati ule nilipaswa kukaa naye huku, mimi nikawa nakaa kule barazani naitikia." Nikamwambia ashuke, leo kuna ufunguzi, majina ya wagonjwa wa kwanza yataitwa mbele ya wageni. Akatikisa kichwa. Akaniangalia, akasema, "Niitikie wewe, shemeji. Leo tu."

Nilitaka kumzaba kibao. Nasema wazi. Mkono uliinuka wenyewe.

Mtaniuliza, mama, mbona hukusema mapema? Nilisema. Chupa nimemnyang'anya, iko humu kwenye mkoba wangu, mnisamehe kwa kuingia nayo ukumbini. Vidonge fundi amevifungia kwenye sanduku lake la spana, na ameacha injini ya mteja chini, amekaa naye kwenye lile lori. Simu yangu iko mkononi, fundi anipigie mambo yakiharibika, na mpaka sasa haijalia. Mimi peke yangu sikuweza kumshusha. Nikaja mbio kutafuta muuguzi. Getini nikaambiwa wauguzi wote wamepangwa kumpokea mgeni rasmi. Mapokezi nikaambiwa Mshauri amekaa meza kuu, haondoki mpaka mgeni aondoke. Dada wa itifaki akanishika mkono kwa upendo akanikalisha, akaniambia nitapata nafasi ya kuzungumza. Kila anayeweza kumsaidia mtu yule amevalishwa vizuri, amekalishwa humu, anangoja chai. Na ningesimama hapa nikasema tu kwamba Redio yuko gereji, mngeniambia huyo ameacha mwenyewe, mama, na wanaosubiri nafasi ni wengi. Ilibidi kwanza mjue la Dereva.

Wakati Mshauri anaita majina hapa mbele, ili wageni waone matunda ya kituo, mliona wenyewe. Kila jina lilijibiwa, mtu akasimama, mkapiga makofi. Likaitwa jina la Redio. Nikawaangalia safu ya nyuma. Nilimwona mmoja wenu amevuta pumzi, mdomo umeshafunguka. Nilimwona Sajenti akigeuza shingo akamtazama. Yule akafumba mdomo. Ukumbi ukakaa kimya mpaka mwendesha sherehe akaona haya, akasema labda yuko njiani, tuendelee.

Hayuko njiani, Mheshimiwa.

Pale mlangoni mmebandika masharti ya kituo kipya, kwa herufi nzuri. Sharti la kukosa mara tatu bado lipo. Sijaja kubishana kuhusu nafasi, najua hazitoshi. Nauliza jambo dogo: mtu akikosa, nyinyi wa kituo mfanye nini? Kama jibu ni kumwondoa, basi hawa wataendelea kuitikiana, kwa sababu wanapendana, na nitakuja kushona mapazia mengine huku mjane mwingine akihutubia. Kama jibu ni kwamba siku hiyo hiyo atoke mtu hapa, kwa miguu au kwa gari, akamwangalie alipo, basi hakuna atakayehitaji kumdanganyia mwenzake. Hilo tu ndilo ombi langu. Lingekuwepo wakati ule, ile saa ya ukutani isingekuja nyumbani kwangu. Bado imetundikwa. Betri ilikwisha na sijaibadilisha.

Na msije mkasema mama huyu ana moyo mkubwa, amesamehe. Sijasamehe. Nina maneno ya kumwambia Redio ambayo nimeyaweka tangu siku ile koridoni, maneno makali, na nayataka ayasikie akiwa hai, akiwa na akili zake, ameoga, amekaa kwenye kiti mbele yangu. Akifia mle kwenye lori nitamwambia nani?

Nilipokuwa naondoka nilimwambia, "Shemeji, jina lako sitaliitikia." Akaniuliza, sauti imemwisha kabisa, "Sasa wakiliita itakuwaje?" Nikamwambia watanyamaza. Nikamwambia wakinyamaza ndipo nitakuja na watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utepe hautakimbia, na chai iko kwenye chupa, haitapoa. Makamanda, nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Mshauri, wauguzi, nawashukuru, na nawaomba mvue hizo beji za sherehe. Ndugu wageni, nawashukuru kwa masikio yenu. Wanaume wangu wa safu ya nyuma, ahsanteni sana kwa kunyamaza. Najua mmeumia kufanya hivyo. Sajenti, inuka baba, maana wewe usipoinuka hawa hawatainuka.

Aliye na funguo za gari, tukutane mlangoni.